Uzio wa Nne

Niliitambua mishono yangu kabla sijamtambua mtu yeyote. Nilikuwa nimeshuka kwenye basi la kutoka Tunduma asubuhi ile, nikakataa bodaboda, nikatembea kwa miguu hadi mtaa wa Izia, Sumbawanga, na begi langu begani, kwa sababu sikuwa na haraka ya kufika nilikokuwa nakwenda. Uani kwa marehemu walikuwa wamesimamisha nguzo za mkaratusi na kutandaza juu yake kitambaa kizito cha rangi ya majivu, wazee wakae chini yake wasichomwe na jua la saa tano. Wanawake walikuwa upande wa jikoni, moshi ukiwapitia usoni. Nilisimama penye lango la ua nikaangalia juu, nikaona mshono wa mara mbili, uliopinda kidogo pale katikati ambapo siku moja cherehani ilikata uzi na mimi nikaendelea kwa mkono. Lile halikuwa turubai la kukodi. Lilikuwa tanga la boti ya marehemu mwenyewe, Mzee Ambakisye, na nililishona mimi, nikiwa na miaka ishirini, katika chumba ambacho dirisha lake lilikuwa hatua kumi tu kutoka pale niliposimama.

Sasa nina arobaini na sita. Nimeishi Mpanda, Kigoma, Mbeya, Kahama, na miaka hii ya mwisho Tunduma, nikishona sare za shule na mapazia ya nyumba za wageni, na kote huko nilihama kabla watu hawajalizoea jina langu. Upendo, binti wa marehemu, ndiye aliyenitafuta kwa simu. "Dada Stazia, baba ametutoka. Mama ameuliza kama unajua." Hakusema mama amesema uje. Alisema ameuliza kama najua. Nilikaa na maneno hayo siku mbili, siku ya tatu nikapanda basi, na nilipofika walikuwa wameshazika. Nilimkuta Mama Upendo amekaa kwenye mkeka chumbani, amejifunika kitenge hadi kichwani, amekuwa mdogo kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Nikapiga magoti. "Shikamoo mama." Akanitazama. "Marahaba. Umekula?" Basi. Miaka ishirini na sita, na neno la kwanza lilikuwa hilo.

Mwaka ninaotaka kuueleza ulianza Januari, katika nyumba hiyohiyo, kwa mvua na kitambaa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimejifunza kushona kwa mama mmoja wa sokoni, na Mzee Ambakisye alikuwa akitafuta mtu mwenye subira na cherehani nzito. Yeye alikuwa mtu wa Mbeya, fundi wa maji aliyehamishiwa Sumbawanga akiwa kijana, akaoa Mfipa, akastaafu, akakataa kurudi kwao. Uani kwake, mahali ambapo wenzake wangefuga kuku, alikuwa akijenga boti ya tanga. Si mtumbwi, boti kamili ya mbao za mninga, yenye urefu wa hatua nane, yenye mlingoti na usukani, imekalia magogo katikati ya mji ulio juu ya mlima, mbali na ziwa kwa safari ya siku nzima ya lori. Ilikuwa imemchukua miaka mitatu. Majirani walikuwa wamechoka kushangaa, wakabaki na utani tu.

"Mzee, maji utayaleta au utayafuata?"

"Nitayafuata. Maji hayapandi mlima."

"Si ungejenga hukohuko chini?"

"Huko chini hakuna mke wangu."

Walinipa chumba cha stoo, chenye magunia ya mahindi upande mmoja na cherehani upande wa pili, na kwa miezi miwili nililala na kushona humo. Baridi ya asubuhi ilikuwa ya kuuma vidole. Nilikuwa nikivipasha moto kwenye kikombe cha chai kabla sijashika sindano. Kitambaa kilikuwa kigumu, kilichotoka kwenye mahema ya zamani, kikinuka vumbi na mafuta ya taa, na kila nilipomaliza upana mmoja Mzee aliuvuta kwa nguvu zake zote akisikiliza kama mshono utalia. Alinifundisha pia fundo la kufungia kamba za tanga, lakini langu halikutoka kama lake. Mimi nilirudisha ncha ya kamba mara mbili na kuipitisha chini, kama tunavyomaliza uzi wa kifungo. Alilitazama, akalivuta, likakaa. "Hilo lako, si langu," alisema. "Lakini limeshika. Liache."

Jioni tulikula pamoja watatu, Upendo akiwa shule ya bweni, ugali wa ulezi mweusi na dagaa wa Kipili, kule ziwani, au maharage yaliyochemka tangu mchana. Mzee hakuwahi kuuzoea ugali ule. "Huu ukimpiga mtu nao kichwani anazimia," alisema kila wiki, na Mama Upendo alimjibu kila wiki, "Ndiyo maana umenenepa." Baada ya kula alitoa kitabu chake cha kazini, kilichotafunwa na mende pembeni, chenye michoro ya mito ya nchi za mbali ambako boti hupanda mlima kwa kupita kwenye milango. Alinionyesha kwa kidole. Boti inaingia kwenye chumba cha maji, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanajazwa taratibu mpaka yanaiinua, ndipo wa mbele unafunguliwa. "Kanuni ni moja tu, Stazia. Wa mbele haufunguliwi kabla wa nyuma haujafungwa. Ukivunja hiyo, maji yote yanakimbia na kila kilichokuwemo."

Mama Upendo alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Bila kuinua kichwa alisema, "Mnasoma kama kitu cha ajabu. Kwetu kipo."

Mto wa kwao sitautaja jina, kwa sababu watu wake bado wapo na hawakuniomba niwaandike. Unashuka kutoka milimani hadi Ziwa Tanganyika, na alipokuwa akikua ulikuwa na nyuzio tano za samaki, za miti na matete, chini zimejazwa mawe na udongo, hivi kwamba maji ya juu yalisimama juu kuliko ya chini kwa kimo cha goti. Kila uzio ulikuwa na milango miwili, na kati ya milango palikuwa na dimbwi ambamo samaki walihifadhiwa hai mpaka siku ya kuhitajika. Dimbwi hilo waliliita sebule. Mtumbwi ukipanda ulifunguliwa mlango wa chini, ukaingia sebuleni, mlango ukafungwa, mkasalimiana, mkala, ndipo mwenye uzio akafungua wa juu. Mwenyewe, kwa mkono wake. "Hakuna mgeni anayefungua," alisema. "Hata mfalme angekaa sebuleni angoje." Mzee alikuwa ameacha kufunua kurasa. Katika ndoa yote ile, aliniambia baadaye, ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mkewe akizungumza juu ya kwao bila kuulizwa.

Sababu ya kutopazungumzia niliijua kupitia ukuta. Kuta za vyumba hazikufika kwenye bati, na alfajiri, kabla ya chai, sauti zao zilipita juu na kunishukia kitandani.

"Ungemwandikia tena," alisema Mzee.

"Mama hajui kusoma. Anayemsomea ni kaka, na kaka ndiye aliyesema nisikanyage pale na mtu wa kuja."

"Mtu wa kuja mwenyewe ameshazeeka. Hatishi mtu."

"Kwangu hukuwahi kutisha." Kikafuata kicheko kidogo kilichoisha upesi. "Nataka anione tu, Baba Upendo. Aniambie lolote. Hata anitukane. Nimechoka kukaa bila jibu."

Miaka kumi na minne alikuwa hajaonana na mama yake. Nilikuwa na miaka ishirini na niliona hilo kama ujinga wa watu wazima. Kwa nini asiende tu? Sikujua bado kwamba mtu anaweza kukaa umbali wa siku mbili kutoka mahali na asifike kwa miaka. Sasa najua. Nimeishi hivyo.

Mwanzoni mwa Machi tuliishusha boti kwa lori. Tulipita Chala siku ya gulio, na dereva alisimama kunywa soda, watu wakatuzunguka. Mchungaji mmoja wa Kisukuma, fimbo mabegani, aliizunguka boti mara mbili na kugonga mbavu zake kama anayenunua dume. "Hii mnaipeleka kunywa maji?" aliuliza, na gulio zima likacheka, na Mzee akacheka kuliko wote. Kipili tuliiteremsha kwa magogo na mikono ya wavuvi. Ilivuja siku mbili, mbao zikavimba, ikaacha. Nilipandisha tanga langu likiwa bado na alama za chaki, na upepo wa alasiri ulipolijaza, nilihisi kitu kifuani ambacho nimekitafuta tangu siku hiyo kwenye kila basi nililopanda.

Wiki ya pili tukiwa hapo, mwanamume aliyeleta kambale wakavu kutoka mto wa kwao alimtambua Mama Upendo sokoni. Alimsalimia kwanza, wakaulizana habari za mvua na za mashamba, na mwisho kabisa, kama kwao wanavyofanya, akamtaja mgonjwa. Mama yake hakuwa akila. Alikuwa amesema, "Aje nimwone. Na aje na huyo mume." Barabara ya kule ilikuwa imekatwa na mvua, daraja limeondoka. Mama Upendo alirudi kwenye nyumba tuliyopanga akiwa na kapu tupu. Alikuwa amesahau kununua alichokwenda kununua. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda nje, akatazama mawingu, akarudi. "Boti tunayo," alisema.

Tuliondoka watu watatu. Siku ya kwanza upepo wa ziwa ulitusukuma hadi mdomoni mwa mto na kutuingiza ndani, kati ya matete marefu kuliko mlingoti, na maji yalipokaza tuliteremsha tanga tukasukuma kwa mti mrefu wa pondo. Uzio wa kwanza ulikuwa wa Babu Kastoli, mzee mwenye jicho moja, ambaye alitufungulia mlango wa chini akiwa amesimama ndani ya maji hadi kiunoni. "Karibuni sebuleni! Msijali viti, tumevipeleka kwa fundi." Mama Upendo alishuka kwenye gogo la pembeni, akachuchumaa, akapiga makofi polepole kama walivyomlea, na babu naye akachuchumaa na kumjibu, na salamu zile zilichukua muda ambao mimi ningekunywa chai na kuosha kikombe. Vikaja ugali na kambale wa moshi. Kula ilikuwa lazima. Nilitazama jua likienda. Nilimtazama Mama Upendo akitafuna taratibu, mgongo umenyooka, hakuna haraka usoni mwake, ila kidole gumba cha mkono wa kushoto kilichokuwa kikisugua pindo la kitenge bila kupumzika. Nilikiona kile kidole, na tangu hapo sikuona kingine.

Uzio wa pili hivyohivyo, na tukalala kwa wenyewe. Wa tatu asubuhi ya pili: salamu, uji, habari za mvua, makofi. Kila mlango ulipofunguka boti ilipanda kwa kimo cha goti, na Mzee, ambaye alikuwa ameusoma mchoro huo maisha yake yote, aliweka kiganja kwenye mbao kusikia ikiinuka, akitabasamu peke yake na kisha kujizuia kwa sababu ya mgonjwa. Mimi nilikuwa nimechoka. Si mikono tu. Nilichoka na adabu. Kila salamu niliiona kama mtu anayemkanyaga yule mama mgonjwa.

Tulifika uzio wa nne mchana. Mlango wa chini ulikuwa wazi, kizuizi cha matete tu kikiwazuia samaki chini ya maji; tukapita juu yake tukaingia sebuleni, lakini mwenyewe hakuwepo. Mwanamke aliyekuwa akiloweka mihogo ng'ambo alituambia uzio ni wa Deusi, na Deusi yuko shambani nyuma ya kilima, atashuka jua likianza kupinda. Mzee alisema atakwenda kumfuata ili asalimiwe njiani na tuokoe muda. Alivua viatu, akapotea kwenye matete. Yule mwanamke akajitwisha mihogo yake akaenda. Mama Upendo alilala ubavu chini ya kivuli cha tanga, kitenge usoni, na nikasikia pumzi zake zikitulia.

Nilingoja. Nakumbuka sauti ya maji yakipenya kwenye matete, na samaki wakigonga ubavu wa boti, tok, tok, sebule ilikuwa imejaa kambale. Nilingoja kwa muda ambao niliuona saa nzima. Pengine ulikuwa nusu. Kisha nikashuka majini, nikaufungua mlango wa juu.

Sikuwa nimeufunga wa chini. Ndivyo ilivyokuwa, na sina maelezo mengine. Mtu aliyefundishwa kanuni moja tu, kwenye taa ya chemli, kwa kidole juu ya mchoro, aliisahau kwa sababu akili yake ilikuwa kwenye kidole gumba cha mwanamke mwingine. Maji ya juu yalishuka kwa kishindo, yakakilaza kizuizi cha matete, boti ikarudi nyuma, nikaishika kamba, nikaizungushia nguzo, na miguuni mwangu nikahisi samaki wakipita, wengi, wanene, wakinigonga visigino wakienda zao mtoni. Haikuchukua muda. Maji yalipotulia sebule ilikuwa tupu. Niliivuta boti juu kwa kamba mpaka mabega yakataka kung'oka, nikarudi nikafunga wa chini, nikafunga wa juu, nikakaza kamba za milango yote kwa fundo langu. Mama Upendo hakujigeuza.

Mzee alirudi peke yake. Alikuwa amepishana na Deusi kilimani. Alisimama kwenye gogo akaiona boti upande wa juu. Akayaangalia maji ya sebule. Akaniangalia mimi.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

Aliyatazama tena maji, kama anayesoma kipimo. "Haya," alisema, akapanda.

Alasiri hiyo upepo ulikuwa mzuri, tanga lilijaa, na tulifika uzio wa tano jua likiwa bado juu. Baada yake palibaki mwendo mfupi tu kufika kwao. Mama Upendo alituonyesha miembe ya kanisa kwa mbali. Mwenye uzio alikuwa mjane, Bibi Paskazia, mwembamba, anavuta kiko. Alitufungulia mlango wa chini, akaufunga nyuma yetu, akajibu salamu zote vizuri, akatuletea chakula. Kisha akakaa juu ya nguzo ya mlango wa mbele na kuwasha kiko.

"Deusi ameleta neno," alisema. Njia ya miguu ilikata moja kwa moja wakati mto ulijipindapinda, na mtu wa baiskeli alikuwa ametutangulia. "Sebule yake iko tupu. Samaki wale ni wa arusi ya mdogo wake. Mwenye kesi huko chini hapiti hapa mpaka Deusi mwenyewe aje aseme moyo wake ni mweupe. Atakuja kesho."

"Bibi," nilisema, "kuna mgonjwa mahututi."

"Najua. Ni rafiki yangu. Tulichezea mto huu tukiwa uchi." Akavuta kiko. "Ndiyo maana sitaki aletewe kesi nyumbani. Nani alifungua?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini Mzee alikuwa tayari amechuchumaa kwenye gogo, yule mtu mnene wa Mbeya ambaye magoti yake yalimsumbua, akipiga makofi polepole kama alivyowaona wenyeji wakipiga. "Ni mimi, bibi. Mimi ni mtu wa kuja. Nilikuwa na haraka."

Bibi Paskazia alimtazama mkewe. "Si nilisikia ni mtu mstaarabu?"

"Kawaida," alisema Mama Upendo.

Kisha Bibi, kwa upole, akamwambia kwamba yeye ni mtoto wa pale, anaweza kuitiwa mtumbwi akatangulia, mume na mgeni wabaki na kesi yao. Mama Upendo aliangalia miembe ile. Kidole gumba kilikuwa kimesimama. "Mama amesema nije na mume," alijibu. "Nimeshaingia kwake na kesi mara moja. Sitaingia na ya pili." Akajifunika kitenge, akalala kwenye boti, uso ukielekea kwao.

Deusi alifika asubuhi, ametembea tangu alfajiri. Kumbe alikuwa kijana, hata thelathini hakufika. Alikuwa ameleta kipande cha kamba ya mlango wake, fundo bado limo. Mzee alichuchumaa tena, akasema tena ni yeye, akaomba msamaha, akampa wavu mpya alioununua Kipili. Deusi aliigeuza kamba mkononi.

"Mzee, fundo hili ulijifunza wapi?"

"Kazini."

Deusi akatazama juu, kwenye kamba za tanga, ambako mafundo kama lile yalikuwa yamejipanga kumi na mawili. Kisha akanitazama mimi, si kwa ukali, kwa uchovu tu, kama mtu aliyetembea tangu alfajiri. "Basi," alisema. "Aliyesema amesema. Moyo wangu ni mweupe." Bibi Paskazia akashuka kwenye nguzo kufungua mlango, na mkono wake ulikuwa bado kwenye kamba tuliposikia kilio kutoka upande wa miembe.

Mama mtu alikuwa amekata roho palipopambazuka. Kaka mtu ndiye aliyetupokea, akamshika Mzee mkono mbele ya watu wote, wakalia pamoja, na ule ugomvi wa miaka kumi na minne ukaisha hivyo, bila mwenye ugomvi. Alisema mama alikuwa ameuliza jioni, "Wamefika uzio gani?" Wakamwambia wa tano. Akasema, "Basi wako sebuleni," akageukia ukutani.

Nimeyabeba maneno hayo Mpanda na Kigoma na Kahama. Tuliporudi Izia, mwaka uliobaki ulikuwa wa vyumba vilevile na ugali uleule, ila Mzee aliacha utani wake, na sauti hazikupita tena juu ya ukuta. Mara mbili tatu nilimfuata akipiga mbao randa ili nimwambie aniache niseme ukweli, na kila mara alisema, "Nishikie hapa," akanipa ncha ya ubao. Boti iliuzwa kwa wavuvi. Tanga walilirudisha, halikuwafaa. Desemba, asubuhi moja wote wakiwa kanisani, nilifunga nguo zangu kwenye mfuko wa rambo nikaenda stendi. Sikuaga. Nilidhani kuondoka kimya ni kuwapunguzia kitu.

Siku ya tatu tangu nifike watu walipungua, na wanaume wakaja kuteremsha tanga. Mama Upendo alitoka nje kwa mara ya kwanza, akakaa kwenye kigoda, akawaambia waache, atafungua Stazia. Nilipanda juu ya benchi. Yalikuwa mafundo ya watu wengine, yamekazwa ovyo, nikayafungua moja moja, na tukalikunja tanga sisi wawili, yeye kwenye kigoda ameshika ncha mbili, mimi nikienda na kurudi. Ilikuwa karibu na saa kumi na upepo wa milima ya Mbizi ulikuwa umeanza. Nilikuwa na tiketi ya basi la Mpanda la kesho yake mfukoni, maana Tunduma nako jina langu lilikuwa limeanza kuzoeleka. Nikaona nisipoyasema hapo sitayasema.

"Mama, ule uzio wa nne. Hakuwa Mzee."

"Najua."

"Ni mimi nilifungua."

"Najua, Stazia. Nilikuwa macho." Alikuwa akilainisha kitambaa kwa kiganja, akikifuata kile kipande kilichopinda. "Nilikuona ukishuka majini. Niliona mlango wa chini uko wazi. Ningekuambia. Neno moja tu, funga kwanza. Mimi ndiye niliyezaliwa pale." Kiganja kikasimama. "Lakini nilitaka ufungue. Nikajifunika tena uso nisione. Jioni yake akasema ni yeye, na mimi nikamwacha aseme. Nimekaa naye miaka yote hii nikimwacha. Hata hospitali. Alinishika mkono akaniambia, 'Nisamehe ile haraka ya mtoni.' Nikamwambia, 'Nimekusamehe.'"

Hatukulia. Tulikuwa tumechoka sana wote wawili. Upendo alipita na sufuria, akatuangalia, akaendelea. Baadaye tuliingia ndani, kwenye chumba kile cha stoo ambacho sasa ni cha wajukuu, tukaliweka tanga juu ya magunia. Nilisimama na begi langu miguuni, nikisugua ile tiketi mfukoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kuhamahama nikamuuliza mtu.

"Mama, unaniruhusu niende?"

Alikuwa amekaa kitandani, pumzi fupi, anatafuta kandambili kwa mguu. "Baridi inaingia," alisema. "Kafunge kwanza mlango wa nyuma."

Nilikwenda. Komeo la mlango ule lilikuwa limeng'oka, wanaufunga kwa kamba msumarini. Nikairudisha ncha mara mbili, nikaipitisha chini, nikakaza. Kisha nikarudi chumbani, nikakaa kwenye gunia la mahindi mbele yake, nikangoja anijibu.